Kabla ya katiba ya kikundi, andikeni kwanza yaliyowakuta

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mbagala aliniomba nimtumie katiba ya kikundi chetu. Walitaka kubadilisha jina tu, wakasajili. Nilimwambia nitamtumia, ila anisikilize kwanza.

Sisi tulianza hivyo hivyo. Katiba yetu ya kwanza tuliinunua steshenari ikiwa imeshachapwa, kurasa 12, tukatia saini wote. Miezi minne baadaye tukagombana, mzee mmoja akaomba isomwe. Katibu alipofika kifungu cha tisa akasita: kilihusu nyavu na mitumbwi ya wanachama. Tuko Kigogo, Dar es Salaam, kando ya Mto Msimbazi, na hakuna anayevua kitu pale. Wote tulinyamaza. Tulikuwa tumeapa kwa maneno ya watu wengine.

Kikundi chetu kilizaliwa na mafuriko ya Desemba 2011. Baadhi ya majirani walihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Tuliobaki tukawa tunazibua mtaro kila Jumamosi, hatuna jina wala mhuri. Kila nyumba ilitoa shilingi 1,000 kwa wiki za kununua makoleo na mabuti. Hiyo ndiyo historia yetu, na haikuandikwa popote katika zile kurasa 12.

Ugomvi wenyewe ulihusu fedha. Mtoto wa mweka hazina alishikwa na degedege usiku, mama akachukua 180,000 za kikundi akakimbilia hospitali. Alizirudisha zote. Lakini maneno yalishasambaa mtaa mzima, na mwanamke mwaminifu akaacha kuja mikutanoni. Mpaka leo naamini kosa lilikuwa letu: tulilaza fedha za watu 30 chini ya godoro la mtu mmoja, kisha tukamlaumu kwa kuwa mzazi.

Tukaiga wanavyofanya wana-VICOBA, wale wa vikundi vya kuweka na kukopeshana. Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Tulipokaa kuandika katiba upya, kifungu cha kwanza kilitoka hapo: "Mwenye sanduku hana ufunguo, mwenye ufunguo hana sanduku." Hata asiyejua kusoma anakijua kwa moyo.

Cha pili kilituchukua vikao vitatu. Kamati yote ilikuwa ya wenye nyumba, na wapangaji walikuwa wa kushika koleo tu. Mama mmoja muuza vitumbua akasimama akasema chumba chake ndicho kinachoingia maji kwanza, kwa hiyo yeye ndiye anayejua mtaro unazibia wapi. Alisema kweli. Sasa mpangaji na mwenye nyumba wana kura sawa.

Kuhusu mikopo nitasema machache. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ni haki yenu, iombeni. Ila msikianzishe kikundi kwa ajili yake. Mikopo hiyo iliposimamishwa mwaka 2023, vikundi viwili jirani zetu vilikufa kabla haijaanza kutolewa tena, kwa sababu hawakuwa na jambo lingine la kuwakutanisha. Sisi tulikuwa na mtaro.

Usajili wenyewe usiwatishe. Anzeni serikali ya mtaa, kisha mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, mpelekee muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama. Akiwauliza mnafanya nini, mjibuni kwa mnachofanya tayari.

Yule dada nilimtumia. Nilifuta vifungu vyote nikamwachia vichwa vya sura tu. Jana usiku amenipigia: wamekaa mara mbili, bado wako ukurasa wa kwanza, wanabishana kama mpangaji anaweza kushika ufunguo.