Mbwa hajakosea, umemfundisha wewe

Wadogo zangu mnaoanza kuongoza mbwa wa kunusa, wiki hii tena nimemkuta kijana kwenye yadi ya makontena Kurasini saa saba mchana, "tafuta, tafuta, tafuta", kama kondakta anayeitia abiria wa Gongo la Mboto. Mbwa ulimi nje. Halafu kijana ananigeukia: "Braza, huyu mbwa mbovu."

1. Amri ni moja. Ukiirudia mara tano, mbwa atangoja ya tano.

2. Anza upande ambao upepo unakupiga usoni. Mchana hapa Dar huwa unatoka baharini, lakini ukiingia kati ya makontena unazunguka hovyo. Rusha vumbi kidogo uone.

3. Sampuli, yaani vitu vyenye harufu anayofundishwa kutafuta, usizifiche mwenyewe. Hili lilinitia aibu mbele za watu. Nilikuwa nazificha kwa mikono mitupu, chai haijapoa namtoa mbwa, naye anazipata zote. Nikavimba kichwa, nikawaita wakubwa waje waone. Siku ya mtihani mtahini akaficha yeye, na glovu mkononi, akaziacha zikae saa nzima. Mbwa wangu akapita palipo na sampuli bila hata kugeuza shingo. Akaenda moja kwa moja kwenye kontena nililokuwa nimeliegemea asubuhi nikipiga stori, akakaa kitako, ndiyo ishara yake ya "nimepata", akanikodolea macho akidai mpira wake wa zawadi. Mtahini akauliza humo kuna nini. Likafunguliwa: kandambili, mpaka darini. Watu walicheka, mimi natafuta pa kujificha. Na mbwa alikuwa sahihi kabisa! Muda wote ule nilimlipa kwa kufuata jasho la viganja vyangu. Basi afiche mtu mwingine, na makontena mengine ayashikeshike tu bila kuweka kitu.

4. Wewe mwenyewe usijue sampuli iko wapi. Mwaka 2011 watafiti wa California walijaribu jozi 18 za mbwa na waongozaji ndani ya jengo lisilo na harufu yoyote ya kutafutwa. Waongozaji waliambiwa kwamba karatasi nyekundu inaonyesha palipofichwa kitu. Taarifa za "mbwa kapata" zikamiminika, na nyingi zilikuwa palepale penye karatasi. Ukipunguza mwendo mbele ya kontena unalolishuku, kamba ikakaza, umeshamwambia akae.

5. Fanyeni kazi alfajiri au usiku. Mbwa anajipoza kwa kuhema, na akiwa anahema mdomo wazi kunusa kunapungua. Sasa huyo wa saa saba mlitaka anuse nini?

6. Kupe kila jioni: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Mng'oe kwa kibano, karibu na ngozi, taratibu. Msimmwagie mafuta ya taa, nawaomba. Na mbwa akizubaa, akakataa chakula, fizi zikapauka, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, siyo kunitumia mimi picha saa nane usiku.