Ganda limetobolewa. Kichwa je?

Juzi kijana mmoja kaja kwangu Mabatini, hapa Mwanza, na kombora zima la mzinga, yaani ganda la baruti na kichwa chake kinachoruka, kalifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa kubebea kreti za soda. Hata hajashuka: "Shikamoo mzee, hili ni bovu, halilipuki tena, tazama tundu." Maneno hayo nayajua. Niliwahi kuyasema mwenyewe. Kwa hiyo wadogo zangu mnaoanza kukusanya makombora ya zamani, nisameheni nikifoka kidogo.

1. Pimeni ganda kwa venia, kile kipimio cha taya cha mafundi, acheni futikamba ya fundi cherehani. Ganda la mzinga wa Waingereza wa kupigia vifaru wa ratili 2 (mizinga yao iliitwa kwa uzito wa kichwa) lina urefu wa milimita 304. La Bofors ya Vita Kuu ya Pili, mzinga wa kutungulia ndege, lina 311, na yote mawili ni ya mtutu wa kipenyo cha milimita 40. Kwenye milimita hizo saba ndipo mnapopotea kila siku. Kwenye mtutu wa milimita 57 nako vivyo hivyo: la ratili 6 ni 441, la ZiS-2, mzinga wa Warusi wa kupigia vifaru, ni 480.

2. Msisugue! Ndimu na majivu ni vya sufuria. Mihuri ya kitakoni na rangi ya kichwa ndiyo kitambulisho chake, na ikishafutika hairudi.

3. Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu bado linaniuma. Nilikuwa na miaka 24 nilipolinunua kombora la milimita 85 kwa muuza vyuma chakavu Bukoba. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliacha mengi upande ule, na 85 ni kipimo cha Warusi cha tangu Vita Kuu ya Pili. Vifaru vyao vya T-34 vilianza kukibeba 1944. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma. Ganda lilikuwa na tundu la kupitisha kidole, ndani hamna baruti, fataki ya kitakoni ya kuwashia baruti imeng'olewa. Kichwa cheusi, hakina fyuzi mbele, yaani kifaa cha kukilipua. Nikaamua ni chuma kitupu cha kutobolea vifaru. Nikalizungushia kitenge, nikapanda meli ya usiku ya Mwanza, begi nikaliweka sakafuni daraja la tatu. Mama mmoja akaniomba nafasi, akamlaza mwanawe mchanga, na kichwa cha mtoto kikaegemea begi langu. Nikafurahi kwamba amepata mto.

Asubuhi nikalipeleka Kirumba kwa mzee mmoja aliyekuwa mpiga mzinga vitani Kagera. Alilitazama bila kuligusa. "Ganda limetobolewa," akasema. "Kichwa kimetobolewa wapi?" Sikuwa na jibu. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mwanawe: vichwa vya Waingereza vya kutobolea vifaru, vya ratili 2 na ratili 6, vingi vilikuwa chuma kitupu, lakini Warusi na Wajerumani waliweka kilipuzi kidogo ndani ya vingi vya kwao, na fyuzi yake hukaa nyuma ya kichwa, ndani ya shingo ya ganda, mahali ambapo jicho halifiki. Ncha isiyo na fyuzi haithibitishi kitu. Akatutoa sote nje, akawatoa na majirani, akaenda polisi kwa miguu. Wataalamu wa jeshi waliolichukua walituambia kichwa kilikuwa kimejaa kilipuzi.

Yule mama sikumwona tena. Mtoto wake sasa ni mtu mzima. Kila nikipanda meli ya Bukoba natazama sakafu ile kwanza, ndipo natafuta pa kukaa.

4. Mkanda wa shaba unaozunguka kichwa ukiwa na michirizi, kichwa hicho kimeshapita mtutuni. Kama hakikulipuka, kiacheni palepale na mwite polisi. Msikipige hata picha ya karibu.

5. Kwa maganda matupu yaliyokwisha kukaguliwa, piga picha ya kitako ukiwa umelaza rula kando.

Kijana wa juzi nilimwambia aache pikipiki palepale, tukasogea hadi kwa muuza chipsi barabara ya pili, tukapiga simu polisi. Aliponiambia ametoa elfu themanini, sauti ilimkatika. Nikamwahidi ganda langu la ratili 6 la 1943, lile ambalo mihuri yake yote bado inasomeka. Jumamosi anakuja kulichukua, na nimemwambia aje na venia.