Birika la umeme lipige filimbi kwanza, ndipo lijizime: nifanyeje?

SWALI

Shikamoo dada mhandisi. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme vya nyumbani, niko Majengo, Moshi. Mama yangu macho yamepungua nguvu sana. Zamani alikuwa na birika la filimbi la kuweka kwenye jiko la mkaa, likichemka analisikia hata akiwa uani. Nikamnunulia la umeme. Linajizima vizuri, ila kile kimlio cha swichi hakisikii, kwa hiyo anabaki kulipapasa na ameshaungua vidole. Nikachukua filimbi ya birika la zamani, nikaifunga kwenye mdomo wa hili la umeme. Likalia kidogo tu, piii, likajizima papo hapo. Nikaziba lile tundu la mvuke lililo ndani, nyuma, chini ya mfuniko. Filimbi ikalia sawasawa, lakini birika halikuzima tena mpaka nikalichomoa. Sasa nafikiria niachane na mvuke kabisa, niweke themostati, ile swichi inayokata umeme joto likifika kiwango fulani, ya nyuzi 100 kwenye kitako. Nikifanikiwa ningependa kutengeneza mengine niuze Moshi na Arusha. Unanishauri nini?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na mpe mama pole ya vidole. Kabla ya yote, zibua lile tundu leo hii. Birika lenye tundu lililozibwa lisikae jikoni kwa mtu asiyeona vizuri hata kwa siku moja.

Majaribio yako mawili yameonyesha jambo ambalo ndilo moyo wa kazi hii yote. Filimbi inakula mvuke, na swichi inakula mvuke, na mvuke wenyewe ni mmoja. Ulipofunga filimbi uliubana mdomo, mvuke ukatafuta njia nyingine, ukakimbilia wote kwenye swichi. Ulipoziba njia ya swichi, wote ukarudi kwenye filimbi. Kazi yako kama msanifu ni kuugawa, filimbi ipate kwanza na kwa wingi, swichi ipate kidogo na kwa kuchelewa.

Nianze na themostati, kwa sababu hapo ndipo ungepoteza hela. Maji hayachemki kwa nyuzi 100 huko kwako, wala huku kwangu Arusha. Kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari, hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka mapema, tofauti ya nyuzi moja hivi kwa kila mita 300. Moshi mjini maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Arusha, iliyo kwenye mita 1,400 hivi, ni kama 95. Kileleni Uhuru, mita 5,895, yanachemka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Kwa hiyo themostati ya 100 inayogusa maji itasubiri joto ambalo halitafika kamwe, na birika litachemka mpaka likauke. Ukiifunga kwenye bati la chini, tatizo linageuka. Bati huwa na joto kuliko maji yaliyo juu yake, hivyo themostati itakata kabla maji hayajachemka, na ukoko mweupe ukiongezeka itakata mapema zaidi. Na ukiipunguza hadi 95 ili ifae Arusha, birika hilohilo likipelekwa Tanga au Dar litakata wakati maji bado hayajachemka.

Mvuke hauna shida hiyo. Popote ulipo, mlimani au pwani, maji yakichemka mvuke unatoka kwa nguvu. Ndiyo sababu walioanza mambo haya hawakupima joto la maji. Birika la K1 la Russell Hobbs, lililotoka Uingereza mwaka 1955, lilikuwa na tundu lililopeleka mvuke kwenye kipande cha metali mbili zilizogandishwa pamoja. Metali hizo hazitanuki sawa, kwa hiyo zikipata joto zinapinda, na kule kupinda ndiko kunakosukuma swichi. Birika lako la leo linafanya kazi kwa msingi uleule.

Ligeuze, fungua skrubu za mpini au za kitako, utakiona. Ni kisahani chembamba cha metali, kimebonyea kidogo upande mmoja. Kisogezee ncha ya chuma cha kulehemu cha moto bila kukigusa, na baada ya muda mfupi utasikia tik, kimegeukia upande wa pili. Kiache kipoe, kitarudi chenyewe. Visahani hivi huwa vimepangwa vigeuke kwenye joto lililo chini kabisa ya kuchemka, na ndiyo maana kimoja kinafaa Dar, Moshi na Arusha bila kurekebishwa. Kipende hicho kidude na usikibadilishe. Utakachobadilisha ni njia ya mvuke kukifikia.

Sasa filimbi. Ile ya birika la mkaa ni vibati viwili vyenye tundu katikati, na nafasi ndogo kati yao. Mwaka 2013 Ross Henrywood na Anurag Agarwal wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwa vipimo sauti ile inatoka wapi. Mvuke ukiwa bado dhaifu, chumba kile kidogo kinavuma kama chupa ya soda unapopuliza mdomoni mwake. Ukipata kasi, mkondo unaotoka tundu la kwanza unagonga la pili na kuzalisha mizunguko midogo ya mvuke inayokatika mfululizo, na hiyo ndiyo sauti kali. Kasi ikiongezeka sauti inapanda. Urefu wa mdomo wa birika nao una mchango, mdomo mrefu huvuta sauti kuwa nzito. Hili la mwisho lina maana kwa mama, kwa sababu masikio ya mtu mzima hupoteza sauti nyembamba kwanza. Chagua filimbi yenye sauti nzito. Kama ile ya zamani alikuwa anaisikia kutoka uani, tumia hiyohiyo, sauti anaijua.

Kuna hesabu moja ambayo huwezi kuiruka. Birika la wati 2,200 likichemka linatoa karibu gramu moja ya mvuke kila sekunde, na gramu hiyo ikiwa mvuke inajaza kama lita mbili. Ukiipitisha yote kwenye tundu la milimita 8, shinikizo ndani ya birika linapanda kiasi cha kuinua maji sentimita 7 hivi. Hilo linavumilika. Lakini ukipunguza kipenyo kwa nusu, shinikizo halipandi mara mbili, linapanda mara 16. Tundu la milimita 4 lingetaka kuinua maji zaidi ya mita moja, na kabla halijafika huko mfuniko ungefunguka au maji ya moto yangeruka mdomoni. Kwa hiyo usianze na filimbi ndogo ukidhani itakuwa kali zaidi. Anza na milimita 8, sikiliza, ndipo ushuke taratibu, usishuke chini ya 7.

Sentimita hizo 7 zinakuamulia mambo mawili. La kwanza ni mdomo. Ikiwa tundu la mdomo kwa ndani liko chini ya usawa wa maji, mvuke hautatoka hapo, utayakandamiza maji na kuyapandisha mdomoni mpaka yamwagike. Mabirika yenye mdomo mwembamba unaoanzia chini hayafai kabisa kwa kazi hii. Tumia lenye mdomo wa juu, na mstari wa mwisho wa kujaza uuweke chini ya tundu la mdomo kwa sentimita mbili au tatu, maana maji yakichemka yanafurika. Kwa mtu asiyeona vizuri mstari haumsaidii, kwa hiyo mbonyezee alama ndani, aisikie kwa kidole wakati birika ni baridi. La pili ni mfuniko. Wenye kipenyo cha sentimita 8 utakuwa unasukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa gramu 350. Mfuniko uliokaa tu hauwezi, utavuja na filimbi itanyamaza. Weka springi, lakini usiweke kufuli. Springi iachie nguvu ikifika kama kilo moja, ili siku filimbi imezibwa na ukoko mvuke utokee kwenye mfuniko, tena upande wa mbali na mpini.

Tukija kwenye kuchelewesha swichi, unachotaka ni filimbi ilie sekunde 15 hadi 20, kisha birika lizime. Nisingehangaika na saketi ya elektroniki hapo, kwa sababu mvuke na joto karibu na saketi vitakusumbua. Fanya mawili. Bana njia ya mvuke iendayo kwenye swichi kwa kutia kizibo chenye tundu dogo, uanze na milimita 3. Halafu weka kibati chembamba cha chuma kisichoshika kutu mbele ya kile kisahani, mvuke ugonge kibati kwanza na kukipasha moto, ndipo joto lifike kwenye kisahani. Ukitaka kuchelewa zaidi ongeza unene wa kibati. Usilipunguze tundu zaidi ya hapo, maana tundu dogo sana huzibwa na tone moja la maji. Chini ya chumba cha kisahani lazima pawe na tundu la kumwaga maji ya mvuke, linaloelekea nje na mbali na nyaya. Gharama ya sekunde hizo 20 ni ndogo, kama gramu 19 za maji, yaani vijiko viwili vya chakula visivyojaa.

Ukifika hapo utakuwa umempa mama kitu kizuri kuliko birika la mkaa. Filimbi ikilia, anajua yamechemka. Filimbi ikinyamaza yenyewe, anajua umeme umeshakata, na hahitaji kukimbia.

Ila zingatia umeme wetu. Volti zikishuka, nguvu ya elementi, yaani kile kipande kinachopasha maji moto, inashuka kwa kasi zaidi ya volti zenyewe. Ikiwa 230 imekuwa 180, wati 2,200 zinakuwa chini kidogo ya 1,350, na mvuke unapungua kwa kiasi hichohicho. Filimbi iliyolia vizuri mchana kwenye benchi inaweza kupumua tu jioni majirani wote wakiwa wanapika. Kwa hiyo jaribu kwa transfoma ya kurekebisha volti, na filimbi isiyolia kwenye 180 usiipitishe. Umeme ukikatika kabisa katikati, swichi ya kisahani haijui, inabaki imewashwa. Mzoeze mama kuirudisha juu, yaani kuizima, mwenyewe kila umeme unapokatika, asije akamimina maji kisha umeme ukarudi birika likiwa tupu.

Kwa ajili ya birika tupu, chini ya bati la elementi kuna visahani vingine vinavyokata bati likizidi joto. Naona mabirika mengi yanaletwa mezani kwangu hapa Arusha yakiwa yameungwa dairekti, fundi ameruka visahani hivyo kwa kipande cha waya kwa sababu kimoja kilikufa. Hilo linaniumiza sana. Ni kuuza moto ndani ya nyumba ya mtu. Kisahani kikifa, badilisha kitako chote cha elementi, au mwambie mteja ukweli kwamba birika limekwisha. Na kama umbo ni la bati, waya wa ethi ufike kwenye umbo lenyewe, upime kwa mita, usiamini macho.

Kuna jambo la mkono pia. Filimbi lazima ifunguke ili mama amimine, na aifungue kwa kitufe kilicho kwenye mpini, kwa kidole gumba, asipeleke mkono mdomoni. Mvuke unachoma vibaya kuliko maji ya moto ya joto lilelile, kwa sababu ukigusa ngozi unageuka kuwa maji na kuachia joto lote ulilolibeba. Hata baada ya kuzima, mvuke unaendelea kutoka kidogo. Mwambie ahesabu taratibu hadi kumi baada ya ukimya ndipo anyanyue.

Ukoko usafishe kwa siki au maji ya limau, chemsha, acha yapoe, suuza, na upitishe kijiti laini kwenye tundu la filimbi. Na kwa wateja wako wa Arusha ongeza neno hili: maji ya sehemu nyingi huku yana floridi nyingi, na kuchemsha hakuitoi. Maji yanapungua, floridi inabaki, hivyo kuchemsha yaleyale tena na tena kunaizidisha. Birika linalojizima kwa wakati linasaidia kidogo hapo, lakini siyo kichujio, usiliuze kwa maneno hayo.

La mama litengeneze sasa. Yale ya kuuza subiri kwanza. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa vyombo vya umeme vya kuchemshia maji ni IEC 60335-2-15, na kabla ya kuingiza sokoni unahitaji kupitia TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Nenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hapo Moshi wakuelekeze taratibu, na ukija Arusha pita TEMDO, kazi yao ni usanifu wa mitambo na vifaa.

Ukimaliza la kwanza, lijaribu lenye nusu lita, kisha lililojaa hadi kwenye alama, kila mara kwa volti 230 na kwa 180. Kila jaribio andika mambo matatu: filimbi ililia baada ya muda gani, ililia kwa sekunde ngapi, na kuna maji yaliyoruka mdomoni au hapana. Nitumie jedwali hilo pamoja na picha ya njia ya mvuke ikiwa wazi, nami nitakwambia kizibo kipanuliwe au kibati kinenepeshwe.