Kashata za nazi zisizoshika
Dada uliyeuliza kama utupe kashata zako zilizolala bila kushika, usizitupe. Kashata kubaki tepetepe mpaka asubuhi maana yake shira haikuiva, basi. Zirudishe sufuriani, moto mdogo, koroga mpaka mchanganyiko uanze kuachana na sufuria.

Safari nyingine, kwa vikombe 2 vya nazi iliyokunwa tia kikombe 1 cha sukari na robo kikombe ya maji. Chemsha sukari na maji kwanza, kisha dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Likitawanyika, bado. Likijikusanya ukaweza kuliviringisha kwa vidole kama kigololi laini, hapo ndipo utie nazi, iliki na chumvi chembe tu. Rangi ya waridi ni mapambo, mimi siweki.

Mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, sawazisha kwa mgongo wa mwiko na ukate ingali vuguvugu. Mimi siku moja nilipokea simu kwanza; niliporudi, kisu kilikuwa kinateleza juu yake kama juu ya kigae. Watoto walizila vipandevipande, hawakulalamika.

Nazi ya paketi? Inafaa, ila ni kavu, iloweke kwanza kwa maziwa kidogo.