Saa 200 za iafoni

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma jana jioni nikifunga banda. Umeniuliza kama ni sawa kutoa laki nane kununua iafoni, hizo spika ndogo za kuingiza masikioni, na kama ni kweli asemavyo muuzaji, kwamba uziache zipige muziki saa 200 ndipo sauti yake "ifunguke". Hizo laki nane ni jasho lako. Kama kodi ya nyumba imeshalipwa, nunua kwa amani. Hilo la pili ndilo limenikosesha usingizi.

Saa 200 ni siku nane na zaidi. Muulize huyo muuzaji anapokea mzigo ukirudishwa ndani ya siku ngapi. Akikwambia siku saba, usisubiri kitu kifunguke.

Nimefungua spika tangu hujazaliwa. Spika ya inchi 15 ikiwa mpya, ule ukingo wake wa kitambaa huwa mgumu, na ikipigwa kwa muda hulainika. Hilo nalijua kwa vidole vyangu. Lakini utando wa iafoni haufiki hata ukubwa wa kucha ya dole gumba. Tena nyingi za bei kubwa hutumia kijiulimi cha chuma kinachotikisika katikati ya sumaku, ufundi uliotoka kwenye shimesikio, vile vifaa vya kuwasaidia wasiosikia vizuri. Pale sioni cha kulainika.

Mwaka juzi mteja aliniletea jozi mbili za aina moja, moja ameitumia mwaka mzima, nyingine mpya ya mdogo wake. Akaapa kwamba ile ya zamani ina besi nzito zaidi. Nikasikiliza, na kweli ilikuwa nayo. Nikavua vile vipira vya zamani, vile laini vinavyoingia sikioni, nikavivalisha ile mpya: besi ikahamia huku! Vipira vilivyozoea sikio vilikuwa vimelainika, vikaziba vizuri. Nilipozivalisha zote mbili vipira vipya vya saizi moja, nikamwambia kijana wangu wa bandani anibadilishie nikiwa nimefumba macho, sikuweza kuzitofautisha. Wala mwenye mali hakuweza.

Kwa hiyo siku ya kwanza jaribu vipira vyote vilivyomo kwenye boksi, na usishangae sikio la kulia likitaka saizi tofauti na la kushoto. Muziki ukiwa unapiga, sukuma iafoni taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla, ujue kipira hakijaziba, badilisha. Vya silikoni vikikataa vyote, tafuta vya sponji: vibonyeze kwanza, viingize, halafu subiri vivimbe. Na usafishe kile kiwavu cha mbele, kwa sababu nta ya sikio ikikiziba upande mmoja utadhani mashine imekufa.

Baada ya wiki utaona sauti imekuwa tamu kuliko siku ya kwanza. Ni wewe umeizoea, kama mgeni anavyozoea kelele za mwaloni, soko la samaki, mpaka anaweza kulala. Lakini kama siku ya kwanza sauti inakuchoma, rudisha.

Sasa nakuomba kama baba. Iafoni ikiziba vizuri, kelele za daladala hupungua, huna sababu ya kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linasema sauti yenye ukali wa desibeli 80 usiisikilize zaidi ya saa 40 kwa wiki. Zikifika 90 ni saa nne tu, kwa wiki nzima. Miaka ile nilikuwa najaribu amplifaya kutwa bila kuziba masikio, na sikio langu la kushoto linavuma mpaka leo. Usiku likivuma, hata mawimbi ya ziwa siyasikii sawasawa.

Ile kanda ya kwaya ya mama yako nimeihamishia kwenye flashi. Kesho naipeleka stendi ya Nyegezi, itakuja na basi la asubuhi. Jaribu iafoni zako kwa wimbo wa tatu, maana sauti ya mama unaijua. Yupo mstari wa pili, upande wa kushoto. Ukimsikia akivuta pumzi kabla ya kiitikio, baki nazo.

Baba yako