Shamba la kakao la mume wangu ni la watoto wa wifi?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Rombo, naishi Brisbane na mume wangu, Mtolai wa kutoka karibu na Kokopo, Papua New Guinea. Tuna watoto wawili, wa kike na wa kiume. Kila mwezi mume wangu hutuma pesa kwa dada yake za kusomesha wapwa zake, na mwaka jana tuliahirisha kununua gari kwa sababu ya ada ya mpwa mmoja. Desemba tulikwenda kumzika mama mkwe. Nikaona mizingo ya kamba za makombe, mikubwa kama matairi, inakatwakatwa na kugawiwa kila aliyefika, hata watu tusiowajua. Kisha wifi akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba shamba la kakao ninalolihesabu kuwa la wanangu ni la wanawe. Mume wangu alikuwepo, akanyamaza. Tangu turudi hatuongei vizuri. Nimeolewa na mtu au na dada yake?*
*Mama Wawili, Brisbane*

Marahaba, mwanangu. Nikiri kabisa kwamba unamshtaki shangazi wa watoto wako mbele ya shangazi mwingine. Tena mimi ni Mluguru, na kwetu milimani ukoo ni wa mama. Baba yangu alipofariki, watoto wa dada zake walikuja kukagua migomba kabla ya arobaini. Kwa hiyo najua uchungu wako, ila najua na wa wifi yako.

Wewe umetoka kwenye kihamba, shamba la urithi la Kichaga. Kwenu ardhi inashuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, na mtoto ni wa ukoo wa babake bila mjadala. Ndiyo maana uliposikia “shamba la mume wangu”, kichwani ukaandika majina ya wanao. Kwa Watolai mtoto ni wa ukoo wa mama, wanauita vunatarai. Watu wote wamegawanyika makundi mawili, Marmar na Pikalaba, na ndoa lazima ivuke kutoka kundi moja kwenda jingine. Hivyo baba na watoto wake, kwa mila, hawawi kundi moja hata siku moja. Ardhi ya mumeo ni ya ukoo wa mama yake, na wanaoubeba ukoo huo ni watoto wa dada zake. Wifi hajakuibia. Alikwambia lililokuwepo kabla hujatia mguu Kokopo, na pengine alidhani kaka yake alishakueleza.

Sasa angalia wanao walipo. Kwa Watolai wanaambiwa ni wa mama yao, na mama yao hana vunatarai. Rombo wanaambiwa ni wa baba yao, na baba yao hana kihamba. Wamedondoka katikati ya mikeka miwili. Hapo ndipo shida ilipo, na wifi hakuileta yeye. Mliileta nyinyi wawili mlipooana bila kuulizana swali moja: mtoto wetu atakuwa wa nani?

Usidhani pia kwamba ukoo wa mama maana yake wanawake wanatawala. Anayesemea ardhi kwa kawaida ni mwanamume, mjomba mkubwa wa ukoo, lualua wanavyomwita. Nchi nzima ndivyo ilivyo: uchaguzi wa 2017 bunge lao halikupata mwanamke hata mmoja, na wa 2022 wakapita wawili. Wifi yako naye anasubiri kaka zake waseme. Yule mpwa anayesomeshwa ndiye atakayemsemea kesho, na mumeo kwa mila ni mjomba, si mfadhili. Akiacha kutuma, kule haitasemwa “amebana matumizi”. Itasemwa amekimbia watoto wake.

Kuhusu zile kamba. Hiyo ni tabu, fedha yao ya makombe madogo yaliyotungwa kwenye ufito na kupimwa kwa pima. Mtu huikusanya maisha yake yote, huizungusha mizingo mikubwa, na msibani inakatwa na kugawiwa. Hununulia vitu vidogo kijijini, huolea, hulipia faini, lakini kazi yake kubwa ni hiyo ya siku ya mazishi. Ulichokiona kikitawanywa ni heshima ya mama mkwe wako. Kurudi na mzingo mzima nyumbani ndiko kungekuwa aibu.

Lakini sikuachi hapo, maana mumeo alinyamaza, na ukimya wake sikubaliani nao. Mila ya huko haijasimama. Zamani mtu alilima viazi vikuu na magimbi, msimu ukaisha, shamba likarudi kwa ukoo. Kakao ni mti. Baba anaupanda na wanawe wakimshikia miche, unazaa miaka na miaka, na baba akifa wapwa wanakuja kuvuna jasho la binamu zao. Ugomvi huo Watolai wanaujua tangu kakao iliposhamiri miaka ya 1950, na baba wengi wamekuwa wakitafuta njia ya kuwaachia watoto wao kitu. Volkano ilipolipuka tarehe 19 Septemba 1994 na majivu kuifukia sehemu kubwa ya mji wa Rabaul, watu wa kisiwa cha Matupit walipewa viwanja bara, mahali paitwapo Sikut, kwenye ardhi ya serikali. Huko wapo baba wanaosema waziwazi: hii si ya ukoo, hii ni ya wanangu. Wapwa wengine wanakubali, wengine wananuna.

Kwa hiyo mumeo ana jibu la kutoa, na wewe muulize hivi: “Shamba lile ulilipataje?” Usiulize ni la nani. Kama ni la ukoo, lifute kichwani mwako leo hii. Karibu asilimia 97 ya ardhi ya nchi ile iko chini ya mila, na wasia ulioandikwa Brisbane hautaihamisha. Kama alilinunua, au anaweza kulinunua kutoka kwa ukoo wake, hilo ni jambo jingine. Watolai wana desturi ya kununua ardhi kwa tabu, na nguvu yake iko kwenye mashahidi: wajomba wakae, kamba zitolewe mchana kweupe, wapwa waone. Hili lifanyike mumeo akiwa hai na ana afya. Mjane mgeni akilianza mwenyewe msibani hatasikilizwa.

Usalama wa wanao uko huko mnakoishi. Nyumba, akiba ya uzeeni, bima ya maisha: majina ya nani yameandikwa? Kaeni na mwanasheria mwezi huu. Mali hizo hakuna mjomba anayezidai. Ukishajua wanao wamefunikwa, utaona hata pesa ya wapwa inapungua uzito. Mpangiane kiasi cha kila mwezi, na ada kubwa isitoke kabla hujaambiwa. Gari mngeahirisha pamoja, sio uletewe taarifa. Hapo mumeo ana kosa na umwambie.

Lile swali lako la mwisho, kuolewa na mtu au na dada yake, usilipeleke nyumbani. Kwa Mtolai ni kumwambia achague kati ya mkono na mguu, na huko Rombo pia wapo kaka zako ambao wake zao wanaliuliza.

Mpigie wifi kabla hujakaa na mumeo. Usiguse shamba. Mwambie wanao hawana vunatarai, muulize wenzake wanafanyaje mwanamke mgeni akiwazalia watoto, kama kuna mama wa lile kundi jingine, lisilo la mumeo, anayeweza kuwachukua kama wake. Hilo si swali la mumeo kulijibu peke yake, ni la wanawake na wajomba. Na mwombe akuanzishie kamba mbili za tabu, pima chache tu, moja ya binti na moja ya kijana, azitunze nyumbani kwake. Pesa ya kununulia tuma wewe, kwa jina lako.