Faraja si rambirambi

Umeuliza kama faraja na rambirambi ni kitu kimoja, na kama "nakupa fariji" ni sahihi. La, kwa yote mawili.

Fariji ni kitenzi, faraja ni nomino (faraja yangu, faraja hii). Kwa hiyo ni "nakufariji" au "nakupa faraja". Ukichanganya, sentensi inachechemea. Anayetenda ni mfariji, aliyepata nafuu amefarijika. Neno lina asili ya Kiarabu na kiini chake ni kuondokewa na dhiki, ndiyo maana faraja haihitaji msiba: mgonjwa, aliyeachwa, hata aliyefeli mtihani hufarijiwa.

Rambirambi ni finyu zaidi. Ni salamu za pole kwa wafiwa, na pia fedha wanazochangiwa. Ukimpa rambirambi mtu aliyefukuzwa kazi utamshtua, atauliza nani kafa! Hapo pole inatosha.

Katika ujumbe wa msiba, "nakufariji" husikika kama majigambo, kwani mwenye kujua kama amefarijika ni mfiwa. Afadhali "poleni kwa msiba, mpate faraja". Tanzia, nayo, ni taarifa ya kifo tu, haimfariji mtu.